Jiwe Laini Nililompa Baba Yako

Mwanangu Havijawa,

Umekwenda Ujiji kumuaga shangazi yako, nami namjua shangazi yako: hakuachii mpaka umekula, umekunywa chai, na umesikia habari za kila aliyekufa tangu Idi. Kwa hiyo mchana huu ni wangu. Nimekaa kibandani, nimesogeza msumeno na patasi pembeni, nimefuta benchi kwa upindo wa khanga, na bado karatasi imeshapata vumbi. Ukiona barua hii inateleza vidoleni, sababu ni hiyo.

Sitakuambia ushike vizuri mkoba wako basi likisimama Kasulu, wala usipokee soda ya mtu njiani, wala uvae sweta alfajiri. Hayo umeshaambiwa na nusu ya Bangwe. Mimi nataka kujibu lile swali ulilonitupia jikoni juma lililopita, nikatoka nje nikaacha ugali ukiungua.

Ulisema, "Mama, siku zote unasema baba alikuibia kazi. Mbona bibi anasema wewe mwenyewe ndiye uliyempa?"

Ulisema bila hasira. Ungesema kwa hasira ningekugombeza, mambo yakaisha. Uliuliza kama mtu anayeuliza njia. Na kesho unapanda basi la Mwanza kwenda kuishi na baba yako na kufanya kazi kwenye karakana yake. Siwezi kukuacha uende na nusu ya habari, maana nusu nyingine utaipata kwake, na maneno yake ni matamu kuliko yangu. Yalikuwa matamu tangu zamani.

Mimi nilizaliwa Simbo, nyumba ya mwisho kabla ya bonde. Chini kule korongoni, mvua ikishakula udongo, ndiko lilikokuwa jiwe. La kijivu, likilowa linakuwa na ukijani, na ukilishika linateleza kama sabuni. Wakulima hawakulijali. Halifai kujengea, ukilikwaruza kwa ukucha linaacha unga. Bibi yako, mama yangu, ndiye aliyeliona lina faida. Alilikata kwa msumeno wa mbao kama mtu anayekata muhogo, akalitoboa kwa msumari mnene, akatengeneza chubwi, vile vizito vya kushushia nyavu majini. Wavuvi walizipenda kwa sababu mawe ya mtoni yana makali, yanakata kamba, na hili halikati kitu. Mafiga yetu pia yalikuwa ya jiwe hilo. Mawe mengine ukiyaweka kwenye moto mkali hupasuka yakarusha vipande hadi kwenye chungu. Yale ya mama yangu yalikaa motoni mwaka baada ya mwaka, na asubuhi ukiweka kiganja ulikuta bado yana uvuguvugu.

Alinifundisha nikiwa mdogo. Hakuwa mwalimu wa maneno mengi. "Lisikilize," alikuwa akiniambia. "Likilia kavu, limwagie maji. Likinyamaza, endelea kukata." Hayo ndiyo yote. Mengine niliyapata kwa kuharibu.

Baba yako alikuja Simbo kununua chubwi. Wakati huo alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, kijana wa Ujiji, shati limepigwa pasi, Kiswahili kinamtoka kama mtu anayesoma. Sisi nyumbani tulisema Kiha, na Kiswahili changu kilikuwa cha kujikwaa. Nilimwambia, "Karibu kiti kwa kukaa," akacheka, lakini akacheka vizuri, halafu akakaa. Alirudi tena kununua chubwi ambazo hakuzihitaji. Bibi yako aliona. Aliniambia, "Huyu anaongea vizuri mno. Siku utakapotaka kusema wewe, nani atakusikiliza?" Nikadhani ni wivu wa mama. Tukaoana, nikaja Bangwe, na kule Ujiji wakwe zangu wakaniita binti wa mawe. Walisema kwa utani. Nilicheka nao miaka mingi kabla ya kujua kwamba sikufurahishwa.

Ulipokuwa tumboni mwangu, boti iliyobeba mzigo wa baba yako ikapigwa na mawimbi ikitoka Mwamgongo. Watu walipona wote, nashukuru. Dagaa walikwenda na maji. Alirudi nyumbani amevaa shati la mtu mwingine, akalala mkekani akiangalia ukuta, na hakuinuka. Sisemi hakuinuka siku ile tu. Aliamka kwa kula na kwa kuswali, akarudi ukutani. Rafiki zake wa biashara walikuja mara moja moja, kisha wakaacha kuja.

Nikaenda Simbo. Nilirudi na mjomba wako akikokota baiskeli iliyofungwa vipande vya jiwe mbele na nyuma, mimi na tumbo langu nikisukuma kwa nyuma kwenye vilima. Nikaweka benchi hapa hapa nilipokaa sasa. Nikaanza na chubwi kwa sababu ndizo nilizozijua, nikazipeleka mwenyewe mwaloni, boti zinakoshusha samaki, kwenye beseni, kichwani. Wavuvi walinijua kwa mama yangu. Tukala.

Nataka ujue jinsi yale mengine yalivyokuja, kwa sababu kule Mwanza utasikia kwamba mtu mmoja alikaa akayafikiri. Hakuna aliyekaa. Kila kimoja kililetwa na shida ya mtu.

Ulipozaliwa, bibi yako alikuja na jiwe bapa, akalipasha moto, akalifunga kwenye khanga kuukuu, akaniwekea tumboni. Lilikaa na joto tangu adhuhuri mpaka jua linazama. Mkunga aliyenizalisha alipoona, akataka la kwake, na baada yake wazazi wa mtaa mzima wakawa wanakandwa kwa mawe yangu. Fundi cherehani wa pale barabarani alikuwa akilalamika kwamba chaki haionekani kwenye kitambaa cheusi. Nikamchongea kipande chembamba, chenye ukingo kama wembe. Kikachora mstari mweupe, na maji yakauondoa. Fundi baiskeli alichukua unga, akaunyunyiza ndani ya tairi ili mpira usigande. Wanawake wanaopika sabuni ya mawese walichanganya unga ule kidogo, sabuni ikawa ngumu, haiyeyuki upesi kwenye karai. Na Sadi, fundi wa kuchomelea mageti, siku ya kwanza alipotumia kipande changu alikuja hapa mbio na miwani yake myeusi kichwani, akipiga kelele: "Mama Havi! Chaki ya dukani moto ukipita imekwenda. Hii yako, chuma kimekuwa chekundu na mstari upo! Umeitia nini?"

Nikamwambia, "Sijaitia kitu, Sadi. Ndivyo ilivyo."

Nilifurahi siku ile, mwanangu. Niliandika furaha yangu hapo juu haraka haraka kwa sababu nikikawia nayo inanichachia.

Na vile vikaango. Nilianza kuchonga vikaango vya chapati nikiwa nimekubeba mgongoni. Siku moja ulijinyoosha ghafla, ukanipiga teke ubavuni, msumeno ukaruka ukachimba mfereji kwenye ukingo wa kikaango nilichokuwa karibu kukimaliza. Nilikasirika mpaka nikataka kulia. Nikakiweka cha kupikia nyumbani, maana hakiuziki. Kumbe mafuta yanayozidi yalikuwa yanakimbilia kwenye ule mfereji, chapati inatoka kavu. Jirani akaona, akasema, "Mimi nataka chenye mfereji." Basi kila kikaango nilichochonga baada ya hapo nilikiwekea teke lako.

Wakati huo ndipo baba yako alipoinuka ukutani. Kwanza alikusanya unga nilioacha chini. Kisha akawa anabeba. Kisha siku moja akasema, kwa sauti ya chini, "Zuhura, nipe nijaribu." Nikampa msumeno. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa: lisikilize, likilia kavu limwagie maji. Alikuwa mbaya mwanzoni. Sokwe wa kwanza aliyemchonga, kwa ajili ya wageni wanaokwenda Gombe, alifanana na mbuzi aliyekaa, tukacheka wote wawili mpaka wewe ukaamka. Lakini katika kung'arisha alinishinda. Ana subira ya kung'arisha. Angeweza kukaa na msasa na maji tangu asubuhi hadi jiwe liangaze kama limepakwa mafuta. Sitaki kumnyima lililo lake.

Nilimpenda. Andiko hili lingekuwa fupi kama nisingempenda.

Kisha akaja yule mzee wa Mwanza mwenye kampuni ya kupamba mahoteli. Alikuwa ameona kikaango chetu kwa mtu, akaulizia mpaka akafika. Wewe ulikuwa unaanza kukimbia. Mimi nilikuwa hapa benchini, mikono myeupe mpaka viwiko, unga kwenye nyusi. Baba yako alikuwa ametoka kuoga, amevaa shati safi, amesimama mlangoni. Mgeni akaamkiwa, akakaa, akachukua kikaango, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mfereji. Akauliza:

"Fundi ni nani hapa?"

Nimekirudia kipande kile cha siku mara nyingi kuliko sala zangu. Mgeni alikuwa ananiangalia mimi. Mikono yangu nyeupe, patasi mapajani. Alishajua. Alichotaka ni neno tu. Na mimi nikainua kidevu kumwonyesha baba yako, nikasema, "Fundi ni huyu, Baba Havijawa. Mimi namsaidia."

Mgeni akamgeukia. Baba yako akaniangalia. Niliona macho yake yakiniuliza, kama mtu aliyepewa sahani isiyo yake akasubiri mwenyewe aseme ichukuliwe. Sikusema. Akapokea. Akamwambia mgeni, "Karibu, mzee wangu. Kazi yenyewe ina historia ndefu," na Kiswahili kile kizuri kikaanza kutiririka, na mimi nikaenda kuchemsha chai.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia. Hii ndiyo sababu. Ningekwambia kwamba nilikuwa naogopa, au kwamba kwetu mke hasemi mbele ya mume, ungeniamini, na watu wangenionea huruma. Lakini sikuogopa. Nilimwona mwanamume aliyelala ukutani mwaka mzima, nikataka mgeni mmoja amwamkie kama mtu wa maana. Na kuna jingine chini ya hilo. Nilijiona mke mwema. Nilipokuwa nasubiri maji yachemke nilikuwa natabasamu peke yangu. Wema ule ulikuwa na utamu, nami niliulamba, wala hakuna aliyeniomba.

Yule mzee alimtaka baba yako aende Mwanza msimu mmoja, afundishe vijana wake, kisha arudi. Tulikubaliana. Nilimfungia vyombo mwenyewe: msumeno, patasi, na kile kisu cha bibi yako chenye mpini wa kamba. Nilikiweka juu kabisa, kwenye kitambaa, ili asihangaike kukitafuta.

Alipofika akaanza kunipigia simu. Hili hulijui, hata bibi yako hajui. Alikuwa anajificha nyuma ya karakana kunipigia. "Zuhura, jiwe la huku linapasuka nikilikata. Nifanyeje?" Nikamwambia, lilaze ndani ya maji mpaka kesho yake, anza kukata kwenye ukingo mnene. "Zuhura, vikaango vinatoa harufu vikiwekwa motoni." Nikamwambia, vipake mawese, vipashe kwa moto mdogo, viache vipoe vyenyewe. "Zuhura, unga unabaki na chembe." Nikamwambia apepete kwa kitambaa cha chandarua, kisha kwa khanga. Kila simu ilimalizika kwa, "Ahsante mke wangu, narudi karibuni." Nami nilikuwa nikikata simu nikiona fahari, kwamba ananihitaji.

Siku zilivyokwenda simu zikapungua. Nikadhani ni kazi nyingi. Siku moja nikagundua kwamba haniulizi tena kitu. Alikuwa amekwisha kujua kila nilichokijua. Baada ya hapo hakupiga tena kwa muda mrefu, na aliyenipigia kuniambia kwamba ameoa kule ni shangazi yako, huyo huyo unayekunywa chai yake sasa. Alilia kwenye simu. Mimi nilimwambia namwonea haya kwa kulia.

Sasa sikiliza kilichotokea hapa, kwa sababu hicho ndicho kilichonivunja, kuliko ndoa.

Habari zilienea Bangwe na Mwanga na Ujiji kwamba fundi wa mawe amehamia Mwanza. Na watu wakaacha kuja. Mama mmoja alifika hapa akitaka vikaango vya shughuli ya binti yake. Nilikuwa nimekaa na patasi mkononi, kama alivyonikuta yule mzee.

"Shoga, fundi yupo?"

"Fundi ni mimi. Karibu."

"Hapana, namtaka yule baba. Yusufu."

"Yusufu hayupo. Lakini vikaango nilikuwa nachonga mimi."

Akanitazama kwa huruma. Hakunitukana, mwanangu, ningependa anitukane. Alisema, "Pole mama. Najua maisha ni magumu, lakini mimi nataka kazi ya fundi mwenyewe. Ni ya harusi." Akaondoka. Nilibaki nimeshika patasi. Ningemwambia nini? Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia. Nilimwambia mgeni mmoja, baba yako akawaambia wengine, na maneno yakazunguka mji yakanirudia mlangoni yamekuwa ukweli.

Waliobaki nami ni Sadi, na fundi cherehani, na wavuvi. Hao walikuwa wakichukua kutoka mkononi mwangu tangu mwanzo. Kwa hiyo umekua kwa chubwi na vipande vya kuchorea mistari. Ndiyo maana viatu vyako vya shule vilikuwa vile vilivyokuwa.

Fundi cherehani alikwenda Mwanza kwenye msiba, akarudi na picha kwenye simu. Ni duka kubwa, lina vioo. Baba yako amesimama ndani, amevaa aproni, anacheka. Nyuma yake kuna vikaango vimepangwa kama vitabu. Nikamwambia akuze picha. Mfereji ulikuwepo. Ulikuwa mahali pale pale, na ulipinda kidogo mwishoni kama ulivyopinda siku ile msumeno uliporuka. Hata kosa langu alilichukua, akalichonga kwa uangalifu.

Nilipanda gari nikaenda Simbo kwa bibi yako. Nilitarajia anikumbatie. Nilimweleza kwa mara ya kwanza, hata lile la mgeni na chai, isipokuwa zile simu. Akapiga makofi, akasema kwa Kiha, "Mawe we!" yaani mama wee. "Kumbe jiwe uliligawa kwa mdomo wako mwenyewe." Kisha akanipa muhogo wa kumenya. Sikuzungumza naye mpaka mavuno yalipopita. Sasa umejua lile neno lake limetoka wapi.

Basi jibu langu ni hili. Ndiyo, nilimpa. Na yeye aliiba. Watu wanataka liwe moja kati ya hayo mawili, na mimi mwenyewe nimepoteza miaka nikitaka liwe moja. Nilimpa jina langu siku moja, mbele ya mtu mmoja, kwa neno moja. Yeye akawa na kila siku iliyofuata ya kunirudishia. Angeweza kusema, "Mzee, mke wangu ndiye ajuaye." Angeweza kulisema hata alipokuwa amejificha nyuma ya karakana na simu sikioni. Hakusema. Bibi yako anaona siku ile moja tu. Nami nilikuwa naona zile siku zake tu. Wewe una akili kunishinda, ziangalie zote.

Mwaka huu alipopiga simu baada ya kimya chote kile, sikuitambua sauti. Ilikuwa imechoka. Alisema, "Zuhura, mtume Havijawa kwangu. Vijana wa hapa hawana mkono. Nitamfundisha kazi."

Nikamwuliza, "Utamfundisha kazi gani?"

Akasema, "Kazi ya mawe."

Nilicheka, Havijawa. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, na wewe ukaja mbio na kikombe cha maji ukaniuliza nani anapiga. Nilikuambia ni namba ngeni. Akapiga tena kesho yake, ukapokea wewe, na tangu hapo nyumba hii imekuwa na sanduku lililo wazi.

Ningeweza kukuzuia. Nilifikiri kukuzuia. Lakini nitakuzuilia nini hapa? Lile korongo la Simbo limefukiwa wakati wa kupanua barabara, ninachokata sasa ni vipande nilivyovilimbikiza nyuma ya choo. Nawe mkono wako umenipita tangu ulipokuwa darasa la sita. Ule mgebuka uliouchonga, samaki mwenye magamba mpaka chini ya pezi, mimi sijapata kuchonga kitu kama kile na baba yako hataweza. Nenda. Jifunze kung'arisha kwake, maana hilo analijua kweli. Angalia jinsi anavyozungumza na wanunuzi, maana hilo pia mimi sina. Mengine unayo.

Na mtu akikuuliza kazi hii ni ya nani, na ni yako, sema ni yangu. Kwa sauti ya kawaida, kama unavyotaja jina lako. Usisubiri uone nani atafurahi na nani atanuna. Kama siku hiyo utamwonea huruma baba yako, na utamwonea, kwa sababu macho yake yameanza kukosa nuru na atajaribu kuyaficha, mpikie, mfulie, mshike mkono barabarani. Huruma ina vyombo vingine vya kuibebea.

Kifua changu unakijua. Daktari wa hospitali alisema ni vumbi la miaka mingi, akaniuliza kwa nini sikufunga kitambaa mdomoni. Nilikuwa nimezoea kuona ule unga ni kitu cha upole. Tuliupaka hata kwenye mapaja ya watoto wachanga, wewe ukiwemo, mpaka muuguzi alipotukataza. Karakana ya Mwanza wanakata kwa mashine, kavu, nimeona kwenye picha vijana wamekuwa weupe kichwa hadi miguu, hawana kitambaa hata mmoja. Hilo sikuombi, nakuamuru. Kata kwa maji. Wakikucheka waache wacheke. Akikwambia baba yako kwamba maji yanachelewesha kazi, mwambie aliyemfundisha yeye alimwambia alimwagie maji.

Usinichukie kwa ukali wa barua hii. Nimejaribu kuilainisha mara nyingi nikaona nasema uongo. Na usimchukie yeye kwa ajili yangu. Hasira hii niliichonga mwenyewe, inanitosha mimi, kwako itakuwa kubwa, utajikwaa nayo. Kuwa na yako kama atakupa sababu.

Jua limeshuka, nasikia watoto wa jirani wanarudi kutoka ziwani, nawe utakuwa njiani. Kesho nitakusindikiza mpaka stendi. Sitasema mengi, nimeyasema hapa.

Barua hutakiwa kumalizika kwa salamu. Bibi yako asiyejua kuandika kila akiniagiza nimwandikie mtu alikuwa akisema, jaza salamu, karatasi isibaki wazi. Basi wasalimie wale watoto wadogo wa baba yako. Ni ndugu zako, hawajanikosea lolote, wachongee vinyago. Msalimie na mama yao; sijui aliambiwa nini kuhusu mimi, na wewe usimwulize. Baba yako mwamkie shikamoo kila asubuhi, kwa heshima, kama inavyompasa mtoto. Hiyo ni yako kwake.

Mimi sijamtumia salamu. Akikuuliza, najua atakuuliza, usimtungie ili afurahi. Mwambie mama hajambo, na salamu hakutoa.

Mama yako,
Zuhura